Ngozi ya pembeni mwa kucha: sabuni inasingiziwa mengi

Tazama vidole vya mama lishe saa tisa alasiri, sahani za wateja zikishaoshwa. Ngozi ya kuzunguka kucha imepauka, imechanika, na vipande vidogo vimesimama vikinasa kila kitambaa. Akikamua limau, anaruka. Wauguzi, madobi na wasusi wanaijua adha hiyo, na ushauri mwingi wanaopewa unawazidishia maumivu.

“Punguza kunawa.” Mpishi apunguze anawe lini? Kunawa hakuna mbadala kabla ya kushika chakula na baada ya kutoka chooni. Tatizo ni kwamba sabuni huondoa mafuta ya asili yanayozuia maji yasitoke kwenye ngozi. Ngozi yenyewe ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi inapungua) karibu 5, ilhali sabuni ya kipande mara nyingi hufika 9 au 10. Kwa hiyo badilisha namna ya kunawa. Sabuni ya unga ni ya nguo, usiinawie. Suuza hadi chini ya pete, maana povu hujificha hapo. Kausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, kisha paka mafuta papo hapo, mikono ikiwa bado na unyevu.

“Maji ya moto yanaua vijidudu.” Maji ya moto wa kuviua yangekubabua wewe kwanza. Joto ambalo mkono unalivumilia halisafishi kuliko maji baridi, ila linaondoa mafuta ya ngozi upesi zaidi. Sabuni “za kuua bakteria” nazo zinasifiwa kupita kiasi: mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 katika sabuni za aina hiyo za matumizi ya nyumbani, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida.

“Sanitaiza ndiyo inayopasua, mbona inachoma?” Inachoma kwa sababu ngozi imeshapasuka. Sanitaiza yenye glisarini kwa kawaida hukausha mikono kidogo kuliko sabuni, na ndiyo maana mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una glisarini asilimia 1.45. Lakini mikono yenye masizi au mafuta ya samaki haina ujanja, ni maji na sabuni tu.

“Mafuta ya mgando yanaipa ngozi maji.” Hayaipi hata tone. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo yasitoke, kwa hiyo ukiyapaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa unafungia ukavu. Mafuta ya nazi nayo yanafaa. Glisarini huvuta maji, hivyo ipake kwanza, mafuta juu yake. Usiichanganye na limau kama wengi wanavyofanya: limau linachoma penye mpasuko, na likipigwa na jua linaweza kuacha malengelenge na madoa meusi.

“Ile ngozi nyembamba ya kwenye shina la kucha ni uchafu, ikatwe.” Hapa ndipo madhara makubwa yalipo. Mpaka rangi wa mtaani anakaa mbele yako na kikapu chake, anaisukuma ile ngozi nyuma kwa kijiti, kisha anaikata kwa mkasi uleule aliomkatia mteja aliyetangulia. Kucha zinapendeza kwelikweli. Lakini ngozi ile ni kizibo kinachofunga nafasi kati ya kucha na kidole, na ikiondolewa, maji, bakteria na fangasi wanaingia moja kwa moja. Mkasi wenye damu ya mtu mwingine unaweza pia kukuambukiza homa ya ini aina ya B. Mimi ningemwambia apake rangi tu, mkasi aurudishe kikapuni. Kipande kilichosimama pembeni kikate mwenyewe karibu na shina kwa kikata kucha safi, bila kukivuta, na meno yakae mbali.

“Kidole kimeingia mdudu, kitobolewe kwa pini.” Hakuna mdudu wa kutoka. Mara nyingi ni bakteria waliopita kwenye mpasuko. Mara nyingine ni virusi vya malengelenge, ambavyo kidole chake hakipasuliwi kabisa. Uvimbe ukiwa mchanga, loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku. Ukiona usaha, wekundu unaopanda mkononi au homa, nenda zahanati. Mwenye kisukari asingoje hata hayo. Uvimbe unaokaa miezi kwa mtu ambaye mikono yake haikauki hautapona kwa dawa peke yake. Avae glavu za mpira juu ya glavu za pamba, na maji yakiingia ndani azivue mara moja, kwani mkono unaolowa ndani ya glavu unaharibika kuliko ulio wazi.