Gesi ya jiko la mkaa inavyoingia katika damu: maswali na majibu

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapozidi katika maeneo ya miinuko kama Makete, Njombe na Lushoto kwa upande wa Tanzania, au Limuru na Nyandarua kwa upande wa Kenya, zipo familia ambazo huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga milango na madirisha kabla ya kulala. Maswali yafuatayo yanahusu kinachotokea katika chumba hicho, hasa jinsi gesi hatari ya jiko, kaboni monoksidi, inavyoingia katika damu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya majibu imo katika kanuni moja ya kemia, yaani msambao, tunaanza na kanuni hiyo.

Msambao ni nini?

Msambao, ambao wengine huuita difyusheni, ni kuhama kwa chembe za kitu kutoka mahali zilipo nyingi kwenda mahali zilipo chache. Molekuli za gesi na za kimiminika hazitulii. Kila moja hukimbia, hugongana na nyingine na kubadili mwelekeo, bila kuwa na mahali inapokusudia kufika. Hata hivyo, pale zilipojaa, zinazotoka huwa nyingi kuliko zinazoingia, hadi zienee kote kwa usawa. Ukitumbukiza majani ya chai katika glasi ya maji bila kukoroga, utaona rangi ikitambaa taratibu, na katika maji ya moto hutambaa haraka zaidi kwa sababu joto huongeza mwendo wa molekuli. Usawa ukifikiwa molekuli huendelea kukimbia, ila zinazokwenda upande mmoja hulingana na zinazorudi.

Mapafu yanautumiaje msambao huo?

Ndani ya mapafu mna mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Damu inayorudi kutoka mwilini ina oksijeni yenye shinikizo la milimita 40 hivi za zebaki (kipimo cha shinikizo), ilhali katika vifuko shinikizo hilo ni kama 100. Kwa tofauti hiyo peke yake, bila pampu yoyote, oksijeni huvuka na kuingia katika damu, na hewa ukaa huvuka kuelekea nje.

Msambao ni wa haraka katika umbali mfupi sana tu. Katika maji tulivu, oksijeni huhitaji dakika nne hivi kusambaa milimita moja, lakini sentimita moja huichukua takriban saa saba, kwa kuwa umbali ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Ndiyo maana ukuta kati ya hewa na damu haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Wembamba huo ndio unaotuwezesha kuishi, lakini ukuta huo hauwezi kuchagua: gesi yoyote iliyo nyingi zaidi upande wa hewa itavuka.

Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi, una madhara gani?

Hapa ndipo wengi hudanganyika, na kwa kweli kosa hili linaeleweka, kwa sababu moshi huonekana na huwasha macho. Mkaa unapoungua, kaboni yake huungana na oksijeni na kufanya hewa ukaa. Lakini hewa ukaa hiyo ikipita juu ya makaa mengine yaliyo mekundu kwa joto, hupokea kaboni zaidi na kugeuka kuwa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi. Uzito wake unakaribiana mno na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo haitulii sakafuni wala haikai darini, bali huchanganyika na hewa yote ya chumba. Jiko jekundu lisilo na moshi, basi, bado linaitoa.

Kwa nini gesi hiyo haiachi kuingia mara damu inapofikia usawa na hewa?

Oksijeni ya kawaida hufikia usawa huo haraka, ndani ya robo sekunde hivi baada ya damu kuingia katika mishipa ya mapafu. Kaboni monoksidi haiufikii haraka namna hiyo, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike. Ikishavuka ukuta, hunaswa na himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hadi 250. Iliyonaswa haihesabiki tena kama gesi huru ndani ya damu. Upande wa damu hubaki kama mtupu, tofauti kati ya pande mbili haipungui, na msambao unaendelea kuvuta gesi kwa kila pumzi. Hewa yenye sehemu moja tu ya gesi hiyo katika kila elfu, ikivutwa kwa saa kadhaa, inatosha kuteka nusu ya himoglobini au zaidi, na iliyotekwa haiwezi tena kubeba oksijeni. Sifa hiyo ya kuvuka bila kufikia usawa ndiyo iliyomwezesha Marie Krogh, daktari wa Denmark, kupima uwezo wa mapafu kupitisha gesi katika utafiti alioutoa mwaka 1915, akitumia kiasi kidogo sana cha kaboni monoksidi.

Je, sufuria ya maji kando ya jiko huinyonya?

Hapana. Gesi hii huyeyuka katika maji kwa kiasi kidogo mno.

Na dirisha likiachwa wazi kidogo?

Upenyo mdogo hauaminiki, kwa sababu jiko huzalisha gesi mfululizo, na msambao peke yake ni wa polepole mno kusafisha chumba kizima; kinachokisafisha ni mkondo wa hewa unaoingia upande mmoja na kutokea mwingine. Jiko lisilale chumbani na watu.

Dalili ni zipi, na tufanye nini?

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa, hasa ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa pamoja. Aliyelala anaweza kupoteza fahamu bila kuamka. Mjamzito na mtoto aliye tumboni wako katika hatari kubwa zaidi. Fungua milango, mtoe mgonjwa nje mara moja bila wewe kukawia ndani, kisha mwahishe hospitalini hata kama amepata nafuu.

Hospitalini msambao hugeuzwa uwe dawa. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyomo katika damu huchukua saa nne hadi tano kutoka. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi, kwa sababu oksijeni nyingi huiondoa gesi katika himoglobini, nayo husambaa kurudi kwenye vifuko vya hewa na kutolewa. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko chumbani, kwa kuwa kile kipimo cha kawaida kinachobanwa kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyotekwa na kaboni monoksidi, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini.