Anayepunga Mikono Anasifiwa kwa Lipi? Dhana Potofu kuhusu Okestra Ndogo za Nyuzi

Neno kondakta limepata bahati mbaya kwetu. Ukilitamka Dar es Salaam au Mombasa, mtu anamwona kijana aliyening'inia mlangoni, sarafu zinalia mkononi, anaita abiria. Kwa hiyo ukimwambia jirani kwamba wahakiki wa London wameimwagia sifa okestra iliyoko ziarani, na nusu ya sifa hizo zimemwendea kondakta, yule anayewaongoza wapigaji kwa kupunga mikono, anakuuliza: kwani yeye kapiga ala gani?

Swali ni la haki. Hakupiga chochote. Katika ukumbi mzima, ukimhesabu na yule mzee aliyekohoa safu ya nyuma, kondakta ndiye mtu pekee aliye jukwaani kwa sharti la kutotoa sauti. Sasa sifa zimefuata nini kwake? Hapo ndipo dhana nyingi zinapoanzia.

Tuelewane kwanza tunachozungumzia: okestra ndogo ya nyuzi, watu kumi na wawili hadi ishirini na kitu. Kuna fidla za kwanza, fidla za pili (ala ileile, makundi mawili), viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, selo iliyo kubwa zaidi, na besi, kubwa kuliko zote. Hakuna tarumbeta, mara nyingi hakuna ngoma. Inapakia mizigo na kutembea mji hadi mji.

"Kondakta ni pambo, wangepiga hata bila yeye"

Wangepiga, na ushahidi upo. I Musici ya Roma ilianzishwa mwaka 1951 na vijana kumi na wawili: fidla sita, viola mbili, selo mbili, besi moja na kinanda cha kizamani kiitwacho hapsikodi. Hawakumweka kondakta. Mwaka 1952 Arturo Toscanini, kondakta aliyekuwa akiogopwa kuliko wote wa zama zake, aliwasikia, na badala ya kuwauliza bosi wao yuko wapi akawasifu bila kubania. Kule New York, okestra ndogo iitwayo Orpheus ilianza mwaka 1972 kwa mtindo huohuo. Uongozi unapokezanwa, kipande hiki anaongoza huyu, kinachofuata anaongoza yule.

Lakini kukosa kondakta si kukosa uongozi. Kazi ni ileile, imegawanywa tu. Chukua upinde. Una safari mbili, kushuka na kupanda. Ukiuvuta kuanzia karibu na mkono, sauti inakuja na uzito. Ukiusukuma kutoka nchani, inakuja nyepesi. Fidla sita zikianza sauti moja, tatu zinashuka na tatu zinapanda, mlio unapasuka hata kama kila mpigaji yuko sahihi kwa upande wake. Ni lazima mtu aamue, na uamuzi uandikwe.

Ukipata nafasi, chungulia karatasi ya noti ya mpiga viola aliyezunguka nayo ziara nzima. Imejaa penseli. Huku alama ya kushuka, kule ya kupanda, pale koma ya kuvuta pumzi, na juu ya mistari michache utakuta picha ya miwani, duara mbili zimeunganishwa kwa kistari. Wanamuziki wanaijua maana yake: hapa inua macho, mtazame kondakta. Mwendo unabadilika, au kuna kimya ambacho hakuna anayeweza kukihesabu peke yake.

Mhakiki anayemsifu kondakta kwa madaha ya mikono yake jioni ile amekosa shabaha. Anachokisifu kilifanyika siku kadhaa kabla, kwenye chumba cha mazoezi, pale kondakta aliposimamisha kazi kwa sababu fidla za pili zimemaliza sauti kidogo tu kabla ya selo, akawarudisha, akawarudisha tena. Jioni ya onyesho anakumbusha tu yaliyokwisha kukubaliwa.

Neville Marriner alizijua pande zote mbili. Kikundi chake, Academy of St Martin in the Fields, kilifanya onyesho la kwanza London Novemba 1959, kwenye kanisa ambalo jina lake limo ndani ya jina la kikundi. Alikuwa akiongoza akiwa kitini, fidla begani, kwa kutikisa kichwa na kunyanyua upinde. Mfaransa mkongwe, Pierre Monteux, ndiye aliyemhimiza aiweke fidla chini, asimame na kuongoza kwa mikono. Alisimama. Waliokwisha kuzoea kusikilizana hawakuacha kusikilizana kwa sababu sasa kuna mtu mbele yao, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya sifa zilizokifuata kikundi kile kwa miongo.

"Ni okestra kubwa iliyopunguzwa kwa kukosa fedha"

Fedha zina lake, sitakataa. Tena Tchaikovsky, katika Serenade yake ya nyuzi ya mwaka 1880, aliandika kwenye noti kwamba wapigaji wakiwa wengi zaidi ndivyo apendavyo. Kwa hiyo si kila mtunzi aliyeandikia nyuzi alitaka udogo.

Wapo lakini walioutaka kwa makusudi. Richard Strauss aliandika Metamorphosen kwa wapigaji 23, kila mmoja na mstari wake, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Kondakta Paul Sacher aliizindua Zürich Januari 1946. Dmitri Shostakovich aliandika simfonia yake ya 14 kwa waimbaji wawili, nyuzi 19 na ala za kugonga, na waliompa uzinduzi mwaka 1969 ni okestra ndogo ya Moscow chini ya Rudolf Barshai, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga viola. Katika kundi la watu sitini, fidla moja ikiteleza inamezwa na wenzake. Katika kundi la kumi na wanane, aliyeketi safu ya kumi anajua ni nani.

"Fidla tunazo, hilo si geni kwetu"

Kweli, na Zanzibar ina vilabu vya taarab vyenye fidla tangu enzi za babu zetu. Akhwani Safaa ni ya mwaka 1905. Tofauti iko kwenye mpangilio. Fidla za taarab kwa kawaida hufuata mkondo mmoja wa sauti, kila mpigaji akiupamba kidogo kwa mkono wake, na utamu wake uko hapohapo. Okestra ya nyuzi ya Kizungu inagawa njia tano zinazopishana, na pambo la mtu mmoja pale ni kosa. Kwetu msikilizaji aliyeguswa hanyamazi pia. Huinuka akatunza, noti za pesa mkononi, huku muziki unaendelea. Kule unangoja mpaka mwisho, upige makofi, kisha usome gazeti kujua kama ulifurahi.

"Hawa hupiga vya watunzi marehemu tu"

Hii ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote, na jibu lake ni daktari.

Boyd Neel alikuwa daktari wa London aliyependa muziki kupita kiasi. Alikusanya vijana wasiozidi ishirini, wengi wametoka vyuoni karibuni, na tarehe 22 Juni 1933 wakapanda jukwaani Aeolian Hall. Neel, aliyewaongoza, alikuwa na miaka 27. Onyesho likaisha, makofi yakapigwa, naye akarudi kazini. Usiku uleule alimzalisha mama mmoja. Kila nikifika kwenye kisa hiki nawaza ule mkoba wake ulikuwa na nini ndani.

Miaka minne baadaye wakaalikwa Salzburg, Austria, kwenye tamasha la Agosti 1937. Kwa kikundi kichanga cha Waingereza ilikuwa heshima kubwa, lakini iliambatana na sharti: lazima waje na kazi mpya ya mtunzi wa Uingereza. Muda ulikuwa umebaki kidogo, watunzi wenye majina hawaandiki kwa kukimbizwa. Neel akamkumbuka kijana waliyefanya naye kazi kwenye muziki wa filamu, mwenye kasi ya ajabu. Huyo ni Benjamin Britten, wa miaka 23.

Baada ya siku kumi Britten alifika na rasimu nzima. Wiki nne zaidi, kila mstari wa kila ala ulikuwa umekamilika, na kwa maelezo ya Neel, kilichoongezwa baadaye ni kipimo kimoja tu cha muziki. Kazi yenyewe inachukua wazo la mwalimu wake, Frank Bridge, na kuligeuza mara kumi. Kuna mahali fidla za kwanza zinaimba kwa mbwembwe kama mwanamke wa opera ya Kitaliano, huku wenzao wameacha pinde na wanadonoa nyuzi kwa vidole kama gitaa. Ni kejeli, na ukumbi hucheka. Baadaye unakuja mwendo wa mazishi, na kicheko kinakatika.

Ilipigwa Salzburg tarehe 27 Agosti. Britten hakuwepo, rafiki yake Peter Pears alikuwa ukumbini, akamwandikia barua usiku huohuo. Wahakiki walisifu, na jina la Britten likavuka bahari. Hapo sifa ya kondakta ni ya namna nyingine kabisa. Hata kama asingeinua mkono siku ile, Neel alikuwa amekwisha kufanya jambo kubwa kuliko kupunga: alijua nani wa kumwendea.

"Wakisifiwa Vienna, watasikika vilevile popote"

Ungekuwa umeyabeba masanduku yao usingesema hivyo. Fidla ni mbao nyembamba. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu mbao zinavimba, vigingi vinakaza. Ikiwa kavu, vinalegea na nyuzi zinashuka zenyewe. Mtu aliyetia sauti ya ala yake hotelini anafika ukumbini anaanza upya. Selo hukatiwa tiketi kama abiria na kufungwa mkanda. Besi haina kiti cha kuitosha, inakwenda kwenye mizigo na kila mtu anaomba dua.

Forodha nazo zina yake. Pinde za zamani huwa na kipande cha pembe ya ndovu nchani, kidogo kuliko ukucha. Mwaka 2014 okestra ya Budapest Festival ilipotua New York, maofisa walizizuia pinde saba kwa tuhuma ya pembe hizo, na wapigaji wakapanda jukwaani kwa pinde za kuazima. Pembe zilizotoka pwani yetu kwa maelfu karne ya kumi na tisa zilisambaa dunia nzima, zikaingia kwenye vinanda, vishikio vya visu na kwingineko. Nani anajua zile saba zilianzia wapi.

Kisha kuna ukumbi. Kanisa la mawe linarefusha kila sauti. Kondakta hupunguza mwendo, la sivyo noti zinapandana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Kesho ni ukumbi wa mazulia unaomeza sauti, na mwendo uleule wa jana unakuwa mzito kama uji uliopoa. Ndiyo maana siku ya onyesho wanafanya mazoezi mafupi palepale, na utamwona kondakta akishuka jukwaani, anatembea hadi safu ya mwisho, anasikiliza huku wenzake wanapiga bila yeye.

"Maneno ya kwenye bango ndiyo uhakiki wenyewe"

Nukta tatu kwenye bango zinaficha mengi. Sifa ya neno moja imekatwa kutoka kwenye aya, na aya ile inawezekana ilianza na "lakini".

"Okestra ni ya kondakta"

Ya Neel ilibeba jina lake hadi kwenye mabango ya Australia na New Zealand mwaka 1947. Mwaka 1953 yeye akahamia Toronto kuongoza chuo cha muziki, na huko akaunda okestra nyingine. Waliobaki London waliendelea kupiga. Mwaka 1957 wakabadili jina, wakawa Philomusica of London.

Kilichobaki cha ile ya mwanzo ni santuri. Mwaka 1938 waliirekodi kazi ileile ya Salzburg kwa kampuni ya santuri ya Decca. Santuri za wakati huo zilibeba dakika nne hivi kila upande, kwa hiyo msikilizaji alilazimika kuinuka mara kwa mara kugeuza. Mikono ya Neel huioni. Unasikia mkwaruzo wa sindano, kisha fidla zote zinaanza kwa mpigo mmoja.