Sahani yenye ukingo wa buluu

Hapa Kampala chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo, na vikiwa safu nzima ni mizigo. Mswahili mgeni hucheka. Mimi nimefanya unasihi wa mahusiano kwa muda, sicheki tena.

Vijana wawili walinijia wakisindikizwa na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa (nimegeuza mambo madogo ili wasijulikane). Wamepanga mtaa wa Kisenyi: vyumba sita, bomba moja, choo kimoja, mita moja ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Mmoja dereva wa boda, mwingine muuza vipuri vya simu. Katikati yao anakaa dada mshonaji. Walikuwa wamekabana uani kwa ajili yake, naye siku hiyo hata hakuwepo.

"Mwalimu, sahani ya huyu niliikuta ndani kwa dada," alianza yule wa boda. Sahani ya bati, ukingo wa buluu, Ijumaa tatu mfululizo. Tena aliona ujumbe kwenye simu ya dada: muuza vipuri kamtumia shilingi 10,000. Muuza vipuri naye alikuwa na yake. Kila asubuhi dada hupanda boda ya mwenzake, na akishuka hatoi hela.

Hakuna aliyesema uongo. Jicho liliona, moyo ukamalizia hadithi.

Kazi yangu hapo huwa ni swali moja: nani mwingine nyumbani humo hupata hicho hicho? Sahani? Muuza vipuri alipeleka maharage, na sahani ya watu hairudi tupu, ikarudi na pilau. Vyumba vyote sita vimeshakula pilau hiyo. Hela? Pasi ya mshonaji ndiyo inayokula umeme, kwa hiyo yeye hununua tokeni na wote humtumia mchango. Boda hulipwa mwisho wa mwezi, kama anavyolipa mama wa chumba cha kwanza.

Kwingine, chakula, hela na kicheko cha usiku huashiria mapenzi. Kwenye mizigo, ambako ukuta wa kati mara nyingi haufiki darini, hayo ni ujirani tu. Ndiyo maana wivu huko hupata kuni kila siku. Na wivu si kijicho: mwenye kijicho anatamani cha mwenzake, mwenye wivu analinda anachodhani ni chake. Hawa wawili walilinda kisichokuwa cha yeyote. Dada ana mchumba mjini Arua.

Dereva alitaka kushtaki "wizi wa mwanamke". Nilimweleza kwamba hata kwa wanandoa halisi, Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la jinai la uzinzi mwaka 2007. Sembuse yeye, ambaye hajamtamkia dada neno. Mwenye nyumba naye alitishia kuwatoa usiku huohuo. Sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inataka amri ya mahakama kwanza, nikamwambia hilo pia, akanuna.

Dada aliposikia yote aliniuliza kitu kimoja tu: nani sasa atachangia umeme?

Wanachangia wote. Ila dereva, akituma hela, kwenye nafasi ya sababu huandika kwa herufi kubwa: YAKA TU.