Vijana, maoni ya bajeti yanatolewa Agosti, Juni mmeshachelewa

Tangu usajili wa wapiga kura uanze tena, dawati letu la elimu ya uraia linapata maswali mengi na malalamiko pia, na lalamiko la vijana karibu wote ni moja: mnatuita kutoa maoni na mlishaamua. Nalielewa. Lakini ukimuuliza anayelalamika alikuja lini atakwambia mwezi wa sita, na mwezi wa sita bajeti ya kaunti hapa Kenya ishaiva, inangoja tu kupitishwa kabla ya tarehe 30.

Wacha nieleze vile inaenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti ipeleke mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia Septemba mosi. Huo mpango ndio unataja barabara gani, zahanati gani, soko gani, kwa hivyo maoni yake yanakusanywa kabla ya hapo, Julai na Agosti, wakati wengi wenu hamna habari. Kufikia Februari 28 inakuja karatasi ya mkakati wa fedha, inawekea kila idara kiwango chake cha pesa, na bunge lina siku 14 tu za kuipitia. Kufikia Aprili 30 makadirio yenyewe yanafika bungeni na kamati ya bajeti inasikiza wananchi. Sasa wewe unakuja hapo na mradi mpya kabisa, na sheria ya serikali za kaunti inasema hakuna pesa ya umma itatengwa nje ya mipango. Hata MCA, yaani mwakilishi wa wadi yako kwa bunge la kaunti, akikupenda aje, hana pa kuuweka.

Na tafadhali, kikao cha kaunti si mahali pa kudai shule ya sekondari ama kulalamikia polisi, hayo ni ya serikali kuu. Leteni ya chekechea, ya vyuo vya ufundi, zahanati, masoko, maji, taa za mtaa. Andika. Mdomo peke yake unasahaulika. Hakuna fomu maalum, karatasi moja inatosha, sema wadi, idara, unataka nini na kwa nini, chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Na msituulize kama kuna kitu kidogo cha kuketi, yaani posho ya kuhudhuria, kusema ukweli hilo swali linatuchosha.

Mwaka wa 2024 vijana walisoma Mswada wa Fedha, ule wa ushuru wa serikali kuu, kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wengine wakapoteza maisha kwa maandamano ya kuupinga, na Juni 26 Rais akasema hatautia sahihi. Mimi si msemaji wa serikali kuu na ya siasa sitaingilia. Ninachosema ni kwamba kila kaunti kati ya zote 47 ina mswada wake wa fedha, ndio unaamua ada ya leseni ya kinyozi, ya kibanda, ya paking, na kwa vikao vyake ni wazee wengi na vijana wa kuhesabu. Kinyozi ni nani kama si nyinyi?

Kuna pia jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, mwenyekiti ni gavana. Sheria inataja wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, akina mama, walemavu, wazee na watu wa dini. Vijana hawakutajwa kwa jina, na hilo naliona kama pengo kubwa. Kwa sasa mlango wenu ni kupitia biashara ama taaluma, kwa hivyo chama cha boda ama cha mafundi kisajiliwe, kiwe na barua yake.

Kura ni hivi, ukienda kujisajili beba kitambulisho chenyewe ama pasipoti, ile karatasi ya kungojea kitambulisho haikubaliwi. Ukiuza kura umevunja sheria sawa na anayenunua, faini ni hadi shilingi milioni 2 ama jela hadi miaka 6, ama zote mbili, na mia mbili ya mwanasiasa ni hongo, msidanganyane ni soda.

Ukinyimwa nakala ya mpango ama bajeti, andika barua ya kuiomba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kwa Kiswahili ni sawa kabisa. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Ikikataa, una siku 30 kupeleka kesi kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, na hulipi kitu.