Baiskeli, treni na paka wa watu: dhana potofu na ukweli kutoka Malindi

Mimi na mume wangu tunaishi Malindi na gari hatuna. Mjini twazunguka kwa baiskeli, bara twaenda kwa treni, na wenye nyumba wakisafiri, wengi wao Waitaliano, sisi ndio tunaobaki kuwaangalizia paka na mbwa. Kwa hayo matatu tumeshaitwa mabahili, tumeitwa Wazungu weusi, na kuna ami mmoja pale baraza ya jirani anayeamini tumekosa kazi. Majina hayatusumbui. Kinachonichosha ni maswali: watu huogopa mahali pasipo na kitu, na penye hatari wanapita kimya.

“Malindi ni tambarare, baiskeli hapa ni mchezo”

Tambarare ni kweli. Kutoka mjini hadi njia panda ya Gede hutapanda kilima cha kukutoa pumzi. Lakini huku pwani kilima chetu ni upepo. Kusi ikishika, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, inavuma kutoka kusini, na Gede na Watamu ziko kusini ya Malindi. Unakwenda umekabwa kifua njia nzima. Kisha upinzani wa hewa haupandi polepole kama watu wanavyodhani: mwendo dhidi ya hewa ukiwa mara mbili, upinzani unakuwa mara nne. Ndiyo maana kijana mwenye misuli anayekimbia dhidi ya kusi anachoka kabla ya mzee anayekanyaga pole pole kwa gia nyepesi, kichwa chini.

Sisi hupanga matembezi kwa upepo, si kwa kilomita. Wakati wa kusi twenda Watamu, zaidi kidogo ya kilomita 20: taabu tunaimaliza asubuhi, jioni tumechoka na upepo unatusukuma nyumbani. Kaskazi ikija, Novemba hadi Machi, tunageuza kichwa tukavuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui. Ukikosea mpango huu hutakufa, ila utarudi umeikokota baiskeli kwa mkono.

“Tairi lijazwe hadi liwe jiwe, na cheni ikilia imwagie oili”

Tairi gumu linafaa lami. Ukiingia kwenye mchanga, tairi lililopunguzwa upepo kidogo hutanuka na kukanyaga juu. Lile gumu huchimba na kuzama. Mume wangu hutoa upepo kwa kucha pale njia ya vumbi inapoanzia, na pampu ipo kwenye keria ya kurudishia.

Kuhusu cheni, hewa ya chumvi inakula chuma usiku na mchana hata kama baiskeli imelala ukumbini. Kuimwagia oili ya gari kunazidisha balaa, kwa sababu oili nyingi hukamata mchanga, na mchanga uliochanganyika na oili husaga meno ya cheni kama tupa. Ifute kwanza kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Kisha tone moja kwa kila pingili huku ukizungusha pedeli kinyumenyume. Halafu ifute tena. Hapo ndipo watu hushangaa, “Mbona unaifuta na umeitia sasa hivi?” Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya pingili. Ya nje ni chambo cha mchanga tu.

“Mke wa mtu hapandi baiskeli”

“Shoga, na hilo buibui lako?” Nalipandisha hadi magotini, ndani nina suruali, na cheni ina kifuniko. Fremu isiyo na chuma cha juu inauzwa kwa mafundi wote. Kinachokula buibui ni cheni isiyofunikwa, heshima haihusiki. Wanaume nao wana yao, kwamba baiskeli inamaliza nguvu za kiume. Ganzi ipo, na inatokana na kiti kilichoinuliwa pua kinachobana mishipa ya fahamu. Kilaze kiti, simama juu ya pedeli kila baada ya muda, ganzi inaondoka. Isipoondoka, nenda kwa daktari, usiende kwa fundi.

“Mkishapanda SGR, safari imekwisha”

SGR ni reli mpya ya Mombasa na Nairobi, na Malindi haifiki. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, na kuifikia kunataka kilomita zipatazo 120 za barabara hadi Mombasa, kisha kupenya mji mzima na kutokea Changamwe. Treni yenyewe hukata kilomita 472 hadi Nairobi kwa saa tano au sita. Foleni moja ya Mtwapa inaweza kukula saa nzima nawe hujaiona hata Nyali. Kwa hiyo anayeniuliza kama treni huchelewa nampa jibu moja: anayechelewa ni wewe. Kwa ile ya asubuhi twalala Mombasa kwa jamaa. Tukirudi na ile inayosimama vituo vya njiani, tunashuka Mariakani, tunapanda matatu ya Kaloleni na kutokea Mavueni, karibu na daraja la Kilifi, na kisiwa hatukioni kabisa.

Tikiti inakatwa kwa simu, *639#, kwa jina na namba ya kitambulisho. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida hadi Nairobi ni shilingi 1,500. Usisafiri na tikiti iliyokatwa kwa jina la binamu yako, utaachwa mlangoni.

Mengine ya treni ni mafupi. Ya kwetu si ya umeme: vichwa vyake ni vya dizeli, na mwendo wa abiria mwisho wake ni kilomita 120 kwa saa. Ya umeme ni ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na video zake ndizo zinazowachanganya watu. Wala SGR haifiki Kisumu. Reli mpya iliishia Suswa mwaka 2019. Kutoka huko kwenda ziwani ni reli ya zamani, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, na upana wake ni milimita 1,000 wakati mpya ni 1,435. Behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine.

Pale Miritini mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa usalama akapita akinusa. Safari moja tulikuwa tumetoka kutunza mbwa wawili wa jike. Mbwa wa watu akaiacha mizigo yote akaja kwenye suruali ya mume wangu, akakaa hapo na shauku yake. Askari akacheka kuliko sisi.

“Muislamu hana ruhusa kushika kazi ya mbwa”

Hili ndilo tunaloulizwa zaidi, na mara nyingi kwa sauti ya chini. Pwani yetu inafuata madhehebu ya Imam Shafi: mate na majimaji ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Hilo ni suala la kujitakasa. Kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda kumeruhusiwa, na Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, inazungumzia mawindo ya wanyama waliofunzwa kuwinda. Watu wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao mlangoni. Na Imam Malik, mwenye madhehebu mengine, yeye hakumhesabu mbwa kuwa najisi. Kwa hiyo anayesema “dini imekataza” afafanue kwanza imekataza nini.

Sisi tumejiwekea utaratibu. Mbwa hatuji naye nyumbani. Anabaki kwenye uwanja wa mwenyewe, nasi tunamfuata kwa baiskeli asubuhi na jioni. Kuna nguo za kazi, glavu, na ndoo ambayo haichanganywi na ya kwetu. Ndoo ya udongo mkavu ipo pembeni ya bomba. Ukishazoea, inachukua muda mfupi kuliko kubishana barazani.

“Mbwa mwenye kichaa utamjua kwa povu”

Si lazima. Wapo wanaonyamaza, wanajificha, taya limelegea, na mate yanaweza kuambukiza siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana. Paka na punda nao hupata. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe chanjo. Majivu, pilipili na mafuta ya taa havisaidii. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Hatukubali mbwa ambaye kadi yake ya chanjo hatujaiona, hata awe wa nani.

“Paka hujitunza mwenyewe, mwekee maziwa tu”

Mbwa akiwa na shida utasikia mtaa mzima. Paka huficha. Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta na anaweza kufa. Na paka dume anayechuchumaa kwenye mchanga mara kwa mara bila kutoa kitu, watu husema amefunga choo. Mume wangu alimkuta mmoja hivyo chini ya mbogenvilia: anachuchumaa, anasimama, anachuchumaa hatua mbili mbele, analia kwa sauti nzito. Mchanga ulikuwa mkavu kila mahali. Tukampigia daktari wa mifugo kabla ya kumpigia mwenye paka. Mkojo ulikuwa umeziba, na ukiziba siku moja au mbili unaua.

Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi yatosha. Kibaya zaidi ni dawa ya kupe ya mbwa. Nyingi zina pemethrini, ambayo mbwa huihimili na paka inamtia mtetemeko hadi kufa. “Tone dogo tu” nalo ni sumu. Vivyo hivyo parasetamoli.

“Samaki hamdhuru mnyama”

Ufukweni, maji yakitoka, hubaki vidimbwi na samaki waliokufa, na humo ndimo hupatikana bunju, samaki mwenye sumu anayejivimbisha. Sumu yake haitoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Mbwa anayetembezwa bila kamba asubuhi humla kabla hujamwita. Dalili huanza kwa kutapika na kuyumba, kisha miguu inakufa, na mwisho pumzi. Dawa ya kuipinga sumu hiyo haipo; daktari wa mifugo anachoweza ni kumsaidia apumue hadi imtoke, kwa hiyo kila dakika ina kazi. Mkimbize, kwa tuktuk au vyovyote. Kumnywesha maziwa, jambo la kwanza ambalo kila mpita njia atakushauri, hakuipunguzi sumu na huenda kukampalia.