Ukikubaliwa mapema, maombi mengine hayajifuti

Wengi wanaoomba vyuo vya Marekani huamini kwamba ukikubaliwa kwa mpango wa uamuzi wa mapema (Early Decision), ambao unaahidi kujiunga na chuo hicho kimoja kikikukubali, mfumo wa Common App, yaani fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, hufuta wenyewe maombi yako mengine. Haufuti. Kazi yake ni kupeleka fomu. Zikishafika, kila chuo kina faili lako, na ni wewe wa kukiarifu.

Majibu kwa kawaida hutoka katikati ya Desemba. Ingia kwenye akaunti yako ya kila chuo, utafute sehemu ya kuondoa ombi. Ukiikosa, tuma barua pepe: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na sentensi moja, "Naomba kuondoa ombi langu." Usichelewe, maana ahadi uliitia saini mwenyewe, pamoja na mzazi na mshauri wa shule, na nafasi unayoishikilia bure kuna mwenzio anaingoja.

Ila kama uliomba msaada wa ada, subiri kwanza barua ya msaada. Wazazi huogopa saini ile kana kwamba ni deni la kupelekana mahakamani, sivyo. Fedha zisipotosha, zungumza na ofisi ya msaada wa fedha, na chuo kinaweza kukuachilia. Hapo ndipo utakapoyahitaji yale maombi mengine.