Je, Wajua? Maji Yakipwa, Ulemavu Huongezeka

Ami yangu hutumia kiti cha magurudumu, na kabla hajatoka nyumbani kwake Lamu huulizia kwanza habari za maji. Maji yakijaa, mashua huelea karibu sawa na ukingo wa gati. Watu wawili humshika mikono, akahamia chomboni, safari ikaanza. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, yanapopwa kupita kawaida, mashua ile ile huwa chini kabisa, na kati yake na ami kuna ngazi zilizoota ukoga. Hapo hubebwa mgongoni. Miguu yake ni ile ile ya asubuhi, bahari ndiyo iliyobadilika.

Wanaharakati wenye ulemavu wa Uingereza walilisema jambo hili waziwazi mwaka 1976: kasoro ya mwili ni kitu kimoja, kulemazwa na jamii na namna ilivyojenga mahali ni kitu kingine. Siku hizi wapo watafiti wa fasihi wanaolifuatilia ndani ya ushairi. Wanauliza: mazingira huingiaje katika shairi, ikiwa mtunzi hawezi kuyazunguka kwa miguu?

Swali lenyewe lilichelewa, kwa sababu mashairi mengi mashuhuri ya Kiingereza kuhusu maumbile yalitungwa na watembeaji. Mshairi Wordsworth alitembea milimani akarudi na beti. Asiyeweza kupanda mlima akaonekana kana kwamba hana la kusema.

Mshairi Larry Eigner wa Marekani anaivunja dhana hiyo. Alizaliwa mwaka 1927, akaumia wakati wa kuzaliwa na kupata mtindio wa ubongo. Hadi mwaka 1978 aliishi kwa wazazi wake Swampscott, mji wa pwani huko Massachusetts, na mashairi mengi aliyaandika kwenye baraza iliyozibwa kwa vioo. Alipiga taipureta kwa kidole cha shahada na gumba, vya mkono wa kulia tu. Hebu fikiria kazi hiyo: hata nafasi tupu ndani ya mstari ilimgharimu pigo la kidole. Kwa hiyo nafasi zake nazisoma kwa heshima ile ile ninayoyasomea maneno. Mistari haikai wima kama ubeti wetu. Husogea kuelekea kulia, ndege hapa, tawi pale, gari likapita. Sisi tuliolelewa kwa vina na mizani hutuchukua muda kuizoea. Lakini jicho lililotulia mahali pamoja kutwa nzima huona kivuli kikihama, na mpita njia hana nafasi ya kukiona. Mwaka 2022 mtafiti George Hart alitoa kitabu kizima kinachomsoma Eigner hivyo, ulemavu na mazingira bila kuvitenganisha.

Kwetu mlango huu ulikuwa wazi zamani. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na mwanzoni kabisa anamwambia bintiye kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima. Maradhi na ulemavu ni mambo mawili, sikatai. Hata hivyo, usome utenzi ule ukiukumbuka mwili uliolala kitandani, utaona jinsi sehemu yake kubwa ilivyo nyumba: kumpapasa mume aliyelala, kumpepea asikose upepo, kumwandalia chakula. Nadhani chumba nacho ni mazingira, na tunakosea tunapoyatafuta mikokoni na baharini peke yake.

Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, unamtesa ami kwa vichochoro vyake vyembamba, mitaro na ngazi. Ila nyumba za mawe zina daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Ngazi inamzuia kushuka njiani, na daka lililo juu ya ngazi hiyo hiyo linamletea mtaa mzima. Hapo hupokea kaskazi na kusi, na hapo ndipo alipojifunza kuwatambua punda kwa mlio wa kwato. Punda asiye na mzigo, anasema, hupiga hatua nyepesi, za haraka haraka. Mwenye mzigo hukanyaga kwa uzito.

Siku moja tuko hapo, akakatiza mazungumzo akainua kidole. "Huyu ana mchanga." Mimi sikusikia kitu. Baadaye kidogo punda akachomoza penye kona, magunia mawili ubavuni, mchanga ukidondoka njia nzima.